Kitasa cha mlango wa dereva kimekatika: anza na loki

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Ipuli, hapa Tabora mjini. Nina Toyota Corolla 110, gari ya zamani lakini injini bado nzima. Kitasa cha nje cha mlango wa dereva kimekatika. Ilianza kwa kukivuta mara mbili tatu ndipo mlango ufunguke, halafu wiki iliyopita kikabaki mkononi. Sasa naacha kioo kimeshuka nipitishe mkono nifungue kwa ndani, au nazungukia upande wa abiria. Fundi mmoja ameniambia nitafute mlango mzima wa mtumba, mwingine anasema atakibandika kwa gundi. Je, naweza kununua kitasa peke yake nikakifunga mwenyewe? Spana za kawaida ninazo. Na nitajuaje kuwa nimepata kinachoingia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mlango mzima huuhitaji, na gundi usiiruhusu iguse hapo. Kitasa cha nje cha gari hilo kinauzwa peke yake, kinashikiliwa na bolti au nati mbili za namba 10, na mtu mwenye mikono mitulivu anakibadilisha kwa saa moja na nusu hadi mbili hata kama ni mara yake ya kwanza. Lakini umesema ulikuwa unakivuta mara mbili tatu, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kitasa chako hakikufa ghafla. Kuna kitu ndani ya mlango kimekuwa kikikimaliza polepole, na ukifunga kipya bila kukishughulikia hicho, kipya nacho kitakatika. Vile vya bei nafuu vilivyojaa madukani ni vyepesi kuliko kilichokuja na gari, kwa hiyo havitakaa hata muda huo.

Elewa kwanza kazi inavyokwenda humo ndani. Kile kibapa unachokiinua kwa vidole kina mkono mfupi nyuma yake, wa plastiki au wa aloi laini. Ukikiinua, mkono huo unasukuma rodi nyembamba ya chuma iliyosimama ndani ya mlango. Rodi inabonyeza kichuma kidogo cha loki kinachouachia ulimi, na loki ndilo lile dude la chuma pembeni mwa mlango lenye ulimi unaouma chuma cha umbo la U kilichofungwa kwenye nguzo ya gari. Mambo yakiwa sawa, kidole kimoja kinatosha. Sasa weka miaka ishirini na kitu ya kiangazi cha Tabora, Mei hadi Oktoba, vumbi likijipaka kwenye grisi ya loki hadi grisi inageuka udongo wa kufinyangia. Ulimi unakuwa mzito. Wewe unaongeza nguvu, na nguvu yote inapita kwenye ule mkono mfupi ambao jua limeshaukausha. Unapata ufa, ufa unakua, na siku moja unabaki na kibapa mkononi. Ndiyo maana kitasa cha dereva hufa mapema wakati cha abiria wa nyuma bado ni kama kipya.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, pima loki. Fungua mlango kwa ndani, uache wazi. Chukua bisibisi, sukuma ule ulimi kama vile mlango unafungwa. Utasikia mlio mara mbili, tik, tik. Kisha vuta kitasa cha ndani. Ulimi unatakiwa uruke papo hapo. Ukirudi kwa uvivu, ukikwama katikati, au ukihitaji kuusaidia kwa bisibisi, loki limekauka. Ukiruka vizuri, fanya kipimo cha pili: funga mlango wewe ukiwa ndani, mwambie mtu ausukume mlango kutoka nje kuelekea ndani huku unavuta kitasa cha ndani. Kama sasa umekuwa mwepesi kuliko ukivuta peke yako, loki halina kosa kubwa. Mlango unaking'ang'ania kile chuma cha U kwa sababu haukai mahali pake. Fungua nusu, shika ncha ya mlango kwa chini, uinue. Ukisikia unacheza juu na chini, bawaba zimelika na mlango umelala. Ukiangalia kile chuma cha U utakuta kimekwaruzwa upande mmoja tu.

Mlango uliolala ni kazi ya fundi bodi, na umpelekee kabla ya kufunga kitasa, si baada. Kama bawaba ni nzima ila chuma cha nguzoni kimesogea kidogo, hicho unaweza kukirekebisha mwenyewe: chora mstari kukizunguka kwa penseli, legeza skrubu zake mbili kidogo tu, kisogeze milimita moja au mbili, kaza, jaribu. Usizilegeze hadi zitoke. Kile kibati kinachozipokea kwa ndani ya nguzo kinaweza kusogea, na kukitafuta kwa ncha ya bisibisi ni kazi ya kupoteza asubuhi nzima.

Loki kavu halihitaji kufunguliwa. Chukua mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo kwenye kifuniko cha chupa, safisha ulimi na nafasi zote zinazoonekana, cheza na ulimi mara ishirini au thelathini kwa bisibisi na kitasa cha ndani, futa, rudia mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi. Usimimine mafuta kwa kopo. Kama gari lina loki za umeme, mota yake iko papo hapo nyuma, na haipendi kuoga. Acha likauke, kisha paka grisi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha kucha ya kidole kidogo, na ulichezeshe tena. Oili ya injini hapana. Inadondoka na inaita vumbi. Dawa ya kupuliza ya kutu inafaa kulegeza, lakini usiihesabu kuwa ndiyo kilainishi: ikishakauka, loki linabaki kama lilivyokuwa.

Sasa ununuzi, maana hapa ndipo watu wengi wa mikoani hupoteza nauli ya bidhaa mara mbili. Mtaani kila Corolla ya umbo hilo inaitwa 110, lakini bamba lililo chini ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari, linaweza kusoma AE110, AE111 au EE111 kutegemea injini. Piga picha bamba zima. Na uangalie kama lako ni la buti au ni stesheni wagon: Toyota iliendelea kutengeneza wagon ya kizazi cha 100 hadi mwaka 2002, kwa hiyo wagon ya 1999 ambayo mwenyewe anaiita 110 huenda mlango wake ni wa 100.

Kwa muuza spea usiseme "kulia" peke yake. Wengine huhesabu kulia wakiwa wamesimama mbele ya gari wakilitazama, na kwao kulia kwako ni kushoto. Sema "mlango wa mbele, upande wa dereva, usukani wa kulia". Toyota wenyewe huhesabu ukiwa umekaa ndani unatazama mbele, na namba zao za spea zinasaidia sana hapa: tarakimu tano za mwanzo zikiwa 69210 ni kitasa cha nje cha mbele kulia, 69220 mbele kushoto, 69230 nyuma kulia, 69240 nyuma kushoto. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazobadilika kwa aina ya gari. Ukiona mfuko umeandikwa 69220, hata kama anaapa, si cha mlango wako.

Uliza pia habari ya tundu la ufunguo. Kama kwenye gari lako ufunguo unaingia kwenye kitasa chenyewe, unahitaji kitasa chenye tundu tupu ili uhamishie silinda yako ya zamani. Kama tundu liko kwenye bati la mlango nje ya kitasa, silinda haiguswi kabisa. Kitasa kilichotoka kwenye gari la usukani wa kushoto kinaweza kuwa hakina tundu upande huo, na utagundua ukiwa umeshafungua mlango.

Kipya halisi, kipya cha kuiga, au cha mtumba? Kipya halisi ukikipata, chukua usitazame nyuma. Cha mtumba kina ubora wa kiwandani lakini kina umri uleule wa kilichokatika. Kinunue tu kama unaweza kukishika, na ukishika, pindua utazame ule mkono wa nyuma kwenye shina lake. Ufa mwembamba mweupe hapo maana yake umenunua matatizo ya mwenzako. Cha kuiga kinafaa ikiwa loki lako ni jepesi, na hiyo ndiyo sababu nimelitanguliza loki. Kabla ya kulipa inua kibapa mara kumi: kirudi chenyewe kila mara kwa springi, kisikwaruze pembeni, na zile bolti zake za nyuma zisicheze kwenye plastiki. Nunua na klipu za rodi, vile vibanio vidogo vya plastiki, tatu au nne. Bei yake ni ndogo, na za zamani zitavunjika ukizigusa.

Mara nyingi utaagiza Kariakoo na mzigo uje kwa basi. Basi usifungue mlango mpaka mzigo ufike. Mlango wenye tundu wazi ukilala nje siku tatu unaingiza vumbi, na kwa mkoa wetu wa asali usishangae ukakuta nyuki au nyigu wameshaanza kufanya makazi. Kama kitasa kimeng'oka chote, ziba tundu kwa tepu pana.

Vifaa: soketi namba 10 na racheti yenye ekstensheni ya sentimita 15 hivi, bisibisi ya nyota namba 2, bisibisi bapa ndogo na nyingine pana, plaizi ya mdomo mrefu, tochi, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, kitambaa cha zamani kikubwa, wembe, na sumaku iliyofungwa kwenye uzi. Sumaku si anasa. Nati ikidondoka chini ya mlango bila sumaku, utaisikia ikicheza humo kila ukipita matuta madogo ya rasta. Vaa shati la mikono mirefu, kwa sababu bati la ndani ya mlango halikusagwa kingo zake na linakata kama wembe huohuo.

Pandisha kioo juu kabisa ndipo uzime gari na kutoa ufunguo. Ukichomoa waya za swichi kioo kikiwa chini, hutaweza kukipandisha, na kioo kikiwa chini kinasimama mbele ya bolti unazozitafuta.

Kava la ndani la mlango linatoka hivi. Kuna skrubu ndani ya kikombe cha kitasa cha ndani, na moja au mbili kwenye sehemu ya kuegemeza mkono, mara nyingi zimefichwa chini ya kizibo kidogo unachokichokonoa kwa bisibisi bapa iliyofungwa tepu. Kile kifuniko cha pembe tatu karibu na saiti mira huvutwa tu kikatoka. Kama vioo vyako ni vya kuzungusha kwa mkono, nyuma ya mkono huo kuna kibanio cha waya cha umbo la kiatu cha farasi: pitisha kitambaa chembamba kati ya mkono na kava, ukivute huku na huku kama unayepiga kiatu rangi, na kibanio kitaruka. Weka kiganja pale, maana huruka mbali. Skrubu zikishaisha, ingiza bisibisi pana au kijiti cha mti mgumu kati ya kava na bati kwenye kona ya chini, karibu kabisa na klipu, uikandamize itoke, nenda ukizunguka. Ukivuta mbali na klipu, ubao wa kava ndio utakaokubali kuchanika, si klipu. Klipu zote zikiachia, inua kava zima kwenda juu, kwa kuwa limening'inia kwenye ukingo wa kioo. Usilivute kwa hasira, bado lina waya. Chomoa soketi za swichi kwa kubonyeza kidole cha kufungia, si kwa kuvuta waya.

Utakutana na karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa utomvu mweusi unaonata. Mafundi wenye haraka huichana na kuitupa, na hilo ni kosa linaloonekana masika. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku kupitia mpira wa kioo. Hilo ni kawaida, yanashuka na kutokea matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasivuke kuja kwenye kava. Isipokuwepo, ubao wa kava unalowa, unavimba, klipu zinang'oka, na zulia linaanza kunuka. Ibandue polepole kuanzia kona ya juu ya nyuma, ukikata utomvu kwa wembe, na uibandue nusu tu upande wa loki. Saa nne asubuhi jua likishapasha mlango, utomvu unakuwa laini na kazi ni rahisi. Alfajiri ya Julai utapambana nao bure.

Sasa mulika tochi ndani, juu, nyuma ya kitasa. Tafuta rodi inayotoka kwenye kitasa kushuka kwenye loki, na kama silinda iko kwenye kitasa, utaona rodi ya pili yake. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Angalia ncha ya rodi ya kitasa: magari mengi ya aina hii yana kipande cha plastiki chenye nyuzi kama za skrubu, ambacho hurefusha au kufupisha rodi. Hesabu nyuzi zinazoonekana, uandike. Klipu ya rodi haivutwi. Kwanza inazungushwa pembeni hadi iachie rodi, ndipo rodi inatoka kwenye tundu lake kwa upande. Anayeivuta moja kwa moja huipinda rodi, kisha hutumia nusu saa kujiuliza kwa nini kitasa kipya kinafanya kazi vibaya kuliko cha zamani.

Tandika kitambaa chini ndani ya mlango kudaka kinachodondoka. Nje, bandika tepu ya karatasi kuzunguka kitasa kulinda rangi. Bolti mbili za namba 10: moja utaiona waziwazi, ya pili mara nyingi iko nyuma ya reli inayoongoza kioo na inafikiwa kwa ekstensheni kupitia tundu la bati. Reli ikizuia kabisa, legeza bolti yake ya chini, nayo namba 10, uisogeze pembeni, usiitoe. Bolti ya mwisho ya kitasa ilegeze kwa vidole huku mkono mwingine umekishika kwa nje. Kitoe kwa kukiinamisha, upande mmoja kwanza, kisichubue kingo za tundu.

Safisha tundu. Ukikuta kutu, kwangua kwa msasa, paka praima, na usubiri ikauke. Kati ya kitasa na bati kuna mpira mwembamba. Kama cha kuiga kimekuja bila mpira, hamisha wa zamani. Bila mpira, plastiki inasaga rangi kila ukivuta, na kutu unaanzia hapo.

Kuhamisha silinda ya ufunguo: ingiza ufunguo kwanza na uuache humo muda wote. Ndani ya silinda kuna vibati vidogo vyenye springi vinavyolingana na meno ya ufunguo. Ufunguo ukiwemo, vimekaa ndani. Silinda nzima hushikwa na skrubu moja au kibanio. Kitoe hicho tu. Kale kapete kanakoshika mkono wa nyuma wa silinda usikaguse, kwa sababu ndiko kanakozuia moyo wake usitoke na vibati visimwagike mezani. Kabla ya kuirudisha, kwangua risasi ya penseli iwe unga, puliza kidogo kwenye tundu la ufunguo. Hapo grisi na oili ni marufuku, vumbi litavifanya uji.

Kufunga ni kurudi nyumanyuma, lakini kuna mawili ya kusimamia. La kwanza ni kukaza. Bolti hizi zinahitaji nyutoni-mita 5 au 6 tu, yaani nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Kwenye vitasa vya kuiga, chuma kimezamishwa kwenye plastiki. Ukikaza kama unakaza gurudumu, kinazunguka humo ndani na kitasa kimeisha kabla ya kutumika. Kaza zote mbili kidogokidogo kwa zamu, ukitazama nje kama kitasa kimelala sawa.

La pili ni urefu wa rodi, na hapa nakuomba utulie, maana kitasa kipya kilichokaa vizuri kwa sura kinaweza kuwa kibaya kwa kipimo hiki kimoja. Weka ile plastiki ya nyuzi kama ulivyoihesabu, ingiza rodi, funga klipu mpya. Kisha inua kibapa kwa kidole polepole. Kinatakiwa kicheze bure milimita moja hivi kabla hujahisi uzito wa loki. Kama hakuna nafasi hiyo hata kidogo, loki limeshavutwa nusu wakati wote: mlango utakataa kufunga, au utafunga na kuachia kwenye matuta, na hilo ni jambo la hatari. Kama nafasi ni kubwa, utakuwa unainua kibapa hadi mwisho wa safari yake ndipo mlango ufunguke, na ule mkono mfupi utaanza kupinda kama wa zamani ulivyopinda. Chomoa rodi, zungusha plastiki nusu duara, rudisha, pima tena. Mara tatu nne za kujaribu ni kawaida. Kama rodi yako haina nyuzi, linganisha mkono wa kitasa kipya na wa zamani ukiviweka sambamba mezani; ukitofautiana, rudisha kitasa dukani badala ya kupinda rodi.

Sasa jaribu, na mlango ubaki wazi. Sukuma ulimi kwa bisibisi, tik tik, inua kitasa cha nje: uruke. Rudia mara kumi. Jaribu cha ndani mara tano. Funga kwa kile kidude cha loki, inua kitasa: ulimi usitoke. Fungua kwa ufunguo, inua: utoke. Mpaka hapo ndipo unaruhusiwa kuufunga mlango kweli, kava likiwa bado chini. Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kurudisha kila kitu, kubamiza mlango kwa furaha, kisha kukuta haufunguki kwa nje wala kwa ndani. Likitokea hata hivyo, usichome waya kwenye mpira wa kioo. Ingia kwa mlango wa abiria, sukuma siti ya dereva nyuma kabisa, toa kava mlango ukiwa umefungwa hivyohivyo (inawezekana, ila kwa taabu), na ubonyeze kile kichuma kidogo cha loki kwa kidole.

Rudisha nailoni, ukikandamiza utomvu kwa kiganja mzunguko mzima. Kama utomvu umepotea au umeingia mchanga, wauza vioo vya magari wana utomvu wa kamba wa kubandikia vioo, unafaa. Silikoni yenye harufu ya siki usiitumie karibu na bati lililochubuka. Ile asidi yake inaamsha kutu. Jaribu swichi za vioo kabla ya kupigilia klipu za kava, na uhakikishe klipu imeelekea tundu lake kabla ya kuipiga kwa kiganja.

Rangi, kama vitasa vya gari lako vina rangi ya bodi: kipigwe rangi kabla ya kufungwa, siku mbili mapema. Kwenye lile bamba la boneti kuna namba ya rangi kwenye mstari wa COLOR. 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, na fundi rangi akiipata namba hatakisia. Msasa laini wa maji, praima ya plastiki, rangi, kliya. Mwambie asijaze rangi nene kwenye ekseli ya kibapa. Vitasa vyeusi vya plastiki ya asili viache hivyohivyo.

Ukiwa na ndugu mwenye Toyota yenye vitasa vya kushika kwa kiganja, asifuate maelezo haya. Vitasa hivyo hutoka kwa nje: pembeni mwa mlango kuna kizibo cha mpira, ndani yake skrubu ya nyota ya pembe sita, aghalabu namba T30, inayolegezwa bila kutolewa, kile kipande chenye tundu la ufunguo kinatoka, kisha kitasa kinatelezeshwa kuelekea nyuma na kuvutwa. Kava halifunguliwi, isipokuwa fremu ya ndani nayo iwe imevunjika.

Kuhusu gundi: mkono uliokatika unabeba nguvu ya kupinda kwenye eneo dogo kama punje ya mahindi, juu ya plastiki ambayo gundi nyingi haziishiki vizuri. Utapata siku chache. Na kamba iliyofungwa kwenye rodi ikatokezwa nje, kama unavyoona kwenye baadhi ya magari, inamfungulia mlango yeyote anayepita stendi. Wala usiendelee muda mrefu na hali uliyonayo sasa. Ajali ikitokea na kioo kiko juu, aliye nje hawezi kukufungulia upande wako.

Baada ya wiki mbili pima tena ile milimita moja ya kibapa kwa kidole, kwa sababu klipu mpya hukaa vizuri baada ya kutumika. Imeongezeka? Zungusha plastiki kidogo. Kile kitasa cha zamani usikitupe kabla ya kuchomoa springi yake na mpira wake. Huenda ukavihitaji baadaye.